Kijiti cha Mwaitu

Mama yangu, ambaye sisi humwita Mwaitu, aliokota kijiti cha mgunga, akainama, akakichomeka mchangani pale maji yalipoishia. Hakusema neno. Alirudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono, akakikodolea macho kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, kusini mwa Mutomo, kilomita chache kutoka barabara ya lami. Nilikuwa nimekaa ndani ya Probox, injini ikinguruma, na moyo wangu ulikuwa umeshafika Diani, pwani.

Watoto wangu wawili hawakuwa wameiona bahari. Mwaka mzima niliwaahidi, na shule zilipofungwa nikalipia chumba cha siku tatu, hela ambazo mtu asipotokea hazirudishwi. Ujumbe wa hoteli ulisema tungepokelewa kuanzia saa nane mchana. Usiku wote binti yangu Mwende alikuwa akitazama picha kwenye simu: mchanga mweupe kama unga, minazi iliyoinamia maji, ngamia wakitembezwa ufuoni. Nami nilizitazama. Picha kama hizo zikishakuingia, kila kilicho katikati huwa ni kero tu. Ikutha, mto Athi, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mariakani: kwangu hayo hayakuwa tena makazi ya watu, yalikuwa saa za kuhesabu. Tangu barabara ya Kitui hadi Kibwezi iwekwe lami, hakuna haja ya kuzunguka Machakos, na hilo nalo lilinipa kiburi. Tungemchukua Mwaitu kijijini, tupate chai Kibwezi, kisha tuteremke.

Basi tulikuwa tumemchukua, na tulikuwa tunarudi lami. Kati yetu na lami kulikuwa na mto wa mchanga, na juu yake kivuko cha zege ambacho sisi huita drifti. Tulipokuja, drifti ilikuwa kavu. Nusu saa baadaye ilikuwa imefunikwa na maji ya rangi ya udongo mwekundu, na mbingu juu yetu haikuwa na wingu hata moja.

Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea, na mimi si mgeni. Mito yetu hukaa mikavu miezi mingi hata watoto huifanya uwanja wa mpira na akina mama huchimba visima ndani yake. Mvua ikinyesha milimani usiku, maji husafiri saa kadhaa na kukukuta wewe ukiwa kwenye jua. Tena mvua za Novemba na Desemba ndizo mvua kuu za Ukambani, zile tunazozitegemea kwa ndengu na mahindi, na ndizo hizo hizo zinazoangukia likizo ndefu. Majira yanayotuita pwani ndiyo majira ya mito kushuka.

Nilijua hayo yote. Nilijua pia ya Enziu. Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, kule Mwingi, basi lililojaa wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji ya mto Enziu yaliyokuwa yakipita juu ya barabara. Watu walisimama ukingoni wakitazama. Basi lilisogea kidogo kidogo, likayumba, likalala upande, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengine wakiwa watoto. Nilikuwa nimeiona video, nikalia kama kila mtu wa Kitui alivyolia, na nikasema maneno tuliyoyasema wote: kwa nini hawakungoja? Aprili 2024 nikaona nyingine, ya lori lililobeba watu likisombwa mtoni Makueni, nikarudia swali lile lile.

Leo jibu ninalo. Wale waliokuwa ndani walijua kama mimi nilivyojua. Lakini mtu mwenye miadi husikia saa ikigonga kwa sauti kubwa kuliko mto.

Pikapu iliyobeba magunia ya ndengu ilitupita, ikaingia majini, ikatoka upande wa pili ikitiririka. Vijana waliokuwa ukingoni wakapiga mbinja. Mmoja akaja dirishani.

"Mzee, mia tano tunakuelekeza."

Niligeuka nimwite Mwaitu apande. Kijiti hakikuonekana. Yeye alikuwa amechomeka cha pili, juu zaidi, na maji yalikuwa yameshakifikia.

"Mwanangu, mto huu bado unapanda," alisema.

"Mwaitu, pikapu imepita."

"Imepita na magunia yake. Wewe umebeba nini?"

Sikumjibu. Nilitazama saa. Mke wangu akasema kwa upole, "Baba Mwende, tungoje kidogo," nami nikamwambia kwamba tukingoja tutaingia Mombasa gizani, na Mombasa Road usiku na yale malori ni hatari kuliko kijito. Angalia jinsi mtu anavyoweza kuutumia hata usalama kujitetea.

Mwaitu alifungua mlango wa nyuma. Akamteremsha Mwende, akamteremsha na mdogo wake, akawashika mikono.

"Kama ni lazima uende, nenda. Hawa wanabaki na mimi."

Mke wangu naye akateremka. Nikaingia majini peke yangu.

Mita kumi za kwanza gari lilienda sawa. Kisha nikahisi usukani umekuwa mwepesi, mwepesi mno, kama wa gari la kuchezea. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30, ambayo hayafiki hata magotini, yanatosha kuliinua gari dogo, kwa kuwa gari limejaa hewa na huelea kama mtungi. Yakifika 60 huchukua karibu gari lolote. Ile pikapu ilikuwa na tani ya ndengu ya kuikandamiza chini, na ilipita wakati mto ulikuwa mdogo kuliko nilioukuta mimi. Magurudumu ya nyuma yaliteleza upande wa chini. Nilikanyaga mafuta, injini ikakohoa ikazima.

Drifti ina ukingo, na nje ya ukingo mto huchimba. Mahali ambapo mchanga umezolewa na malori kwa miaka, shimo huwa refu zaidi. Makueni walitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015 kwa sababu ya uchimbaji kama huo. Mtu aliye juu ya maji mekundu haoni shimo hilo. Gari liliangukia humo kwa pua. Nilisukuma mlango, ukakataa. Uzito wa maji yaliyo nje haupingiki. Kioo cha upande wangu kilikuwa nusu wazi kwa sababu ya joto, ndiyo maana naandika haya. Nilikivuta chini, nikapenya, nikashika kigingi cha zege pembeni ya drifti.

Nilipokishika, siwezi kusema nilikuwa nafikiri juu ya Diani. Nilisikia mtoto akiita "Baba!" mara nyingi, bila kupumzika. Wale vijana walinitupia kamba ya kufungia ng'ombe, wakanivuta, ngozi ya kifua ikabaki kwenye zege. Hawakuchukua mia tano. Mmoja alinivulia fulana yake.

Mwaitu hakunigombeza. Alinifunika leso yake, akarudi pale ukingoni, akachomeka kijiti cha tatu.

Miaka mia moja na sabini hivi iliyopita, wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi Mombasa kwa miguu. Mmisionari Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, Kivoi Mwendwa alikuwa mtu mkubwa wa biashara hiyo. Safari yao ilikuwa ya siku nyingi, na pwani waliitamani kama sisi, kwa nguo, shanga na chumvi. Mtu mwenye pembe begani habishani na mto. Anatua mzigo, anakoka moto, anangoja. Niliyafikiria hayo nikiwa nimekaa chini ya mgunga, nikitetemeka kwenye jua kali, huku paa la Probox likionekana na kupotea.

Tulikaa pale asubuhi nzima. Majirani walituletea uji. Kijiti cha tatu hakikuguswa na maji. Polepole cha pili kikatokeza, kikiwa kimelala ubavu, kisha mchanga wenyewe, laini na wenye mikunjo. Saa nane mchana, saa ya chumba chetu cha Diani, maji juu ya drifti hayakufika vifundoni. Boda boda ilipita imebeba kreti ya mikate.

Mwende alimvuta Mwaitu leso.

"Susu, sasa tunaweza kuvuka?"

Mwaitu alitazama juu ya mto, hadi kwenye kona. Akatazama vijiti vyake.

"Sasa mnaweza," alisema.