Je, Asiyezaliwa Ana Haki ya Njia?

Tarehe 1 Julai 2020 Arua iliacha kuwa manispaa ikawa jiji, na mashamba ya mihogo ya Ayivu yakajikuta ndani ya mipaka ya mji. Tangu siku hiyo swali la wapima ardhi limekuwa pia swali la dhamiri. Mpango wa jiji haustahili jina hilo usipoonyesha barabara zitakazohitajika baada ya miaka ishirini au thelathini, na mstari wa barabara hizo hauna budi kupita mahali: shambani kwa mtu, kando ya kaburi la babu yake mtu. Anayeombwa aache wazi mita kadhaa yupo, ana jina na ana watoto wa kulisha. Atakayepita hapo bado hajatungwa mimba. Kwa haki gani huyo wa kesho amzuie huyu wa leo kujenga? Nashikilia kwamba haki hiyo ipo, na kwamba ardhi ya njia ni amana kabla ya kuwa mradi. Baraza linaloipanga kwa hila, au linaloacha kuipanga kabisa, linakula mali ya watu wasioweza kulishtaki.

Wapo wanafalsafa wanaosema kwamba asiyekuwapo hana haki, kwa sababu haki inahitaji mwenyewe. Historia ya West Nile, eneo la Uganda lenye Arua na Koboko, inawajibu. Arua ilianzishwa mwaka 1914 kama kituo cha utawala wa Kiingereza, na kwa miongo mingi watawala waliihesabu nchi hii kuwa chimbuko la vibarua: vijana wa Kilugbara na wa Kialur walikwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na hapakuonekana haja kubwa ya njia za kutolea mazao kwao. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964 ilikomea hapo, zaidi ya kilomita 100 kutoka Arua. Lami inayotoka Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ni kilomita 92 tu, nayo ilisubiri hadi muongo wa 2010 na fedha za Benki ya Dunia. Mkulima aliyezaliwa Koboko mwaka 1990 hakuwapo reli ilipokomea Pakwach, lakini nauli na bei ya saruji iliyotokana na uamuzi ule ameilipa yeye. Sisi ndio wasiozaliwa wa wapangaji wale. Kama tunaweza kusema kwa haki kwamba walitudhulumu kabla hatujawapo, hatuwezi kugeuka na kusema kwamba wajukuu wetu hawatudai kitu.

Deni hilo lina sehemu moja ambayo ni nafuu kulipa leo na ghali mno kulipa kesho, nayo ni kutenga eneo la barabara mapema. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Waganda milioni 34.6, ya mwaka 2024 ikahesabu milioni 45.9. Shamba lililo wazi leo pembezoni mwa Arua litakuwa mtaa kabla mtoto anayecheza humo hajaoa. Njia isipoachwa sasa, itakuja kufunguliwa kwa greda na alama ya X nyekundu ukutani, na atakayebomolewa ni mpangaji wa chumba kimoja na mama mwenye kibanda cha chapati, kwa kuwa wenye uwezo huijua ramani mapema wakajenga mbali na mstari. Katika desturi ya Walugbara ardhi ni ya ukoo: waliozikwa humo, wanaoilima na watakaoirithi. Mzee aliyelelewa katika desturi hiyo hahitaji mhandisi amfundishe kwamba kizazi kimoja hakina ruhusa ya kuimaliza. Kinachomkera, na anakereka kwa haki, ni kuambiwa habari za wajukuu na watu wanaotaka kumnyang'anya bure. Hapa pingamizi lina uzito: je, si kumwibia maskini aliye hai kwa jina la ndoto? Ingekuwa wizi kama sheria ingenyamaza. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya, iliamua kwamba serikali haiwezi kuingia kwanza na kulipa baadaye. Kwa hiyo mpango wa haki unapanga na malipo. Mpango unaochora mstari na kuacha fidia kwa bajeti isiyojulikana ni mwovu, hata kama barabara yake itakuwa nzuri.

Koboko inaongeza ugumu wa aina nyingine. Mji huu uko penye mkutano wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na malori mengi yanayoupita yanakwenda Kaya na Juba, wala si ya wenyeji. Kwa nini manispaa changa ipangie njia za wageni? Torati iliwaamuru Waisraeli watenge miji ya makimbilio na kutengeneza njia za kuifikia, na kitabu cha Hesabu kinasema wazi kwamba makimbilio hayo ni ya mgeni pia. Amri hiyo haina ugeni kwa Wakakwa wa Koboko wala kwa Walugbara: baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wao ndio waliokimbilia Sudan na Zaire, na miaka mingi baadaye wakapokea maelfu waliokimbia Sudan Kusini. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 130.8 kwa barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, kwa sababu wilaya hizo zinahifadhi wakimbizi. Mgeni aliyedhaniwa kuwa mzigo ndiye aliyemletea mwenyeji lami.

Lipo pingamizi la mwisho, na hili husemwa kwa ucha Mungu: kesho ni ya Mwenyezi Mungu, sisi ni nani tupange miaka thelathini? Inasimuliwa kwamba khalifa Omar bin al-Khattab, akiwa Madina, aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa Iraki kwa kuwa njia haikusawazishwa. Hakuiona tawakali kuwa udhuru. Naye alihofia njia mbovu ya mbali, ambayo asingeipita mwenyewe. Ndiyo hali ya Oraba machoni pa Kampala. Hofu kama ile ingaliuokoa pia Mfuko wa Barabara: sheria ya mwaka 2008 ilikusudia ada za watumiaji wa barabara ziingie humo moja kwa moja kwa ajili ya matengenezo, lakini mfuko ukabaki kutegemea mgawo wa kila mwaka, na makalavati yakaziba huku fedha zikisubiriwa.

Basi ndugu zetu wa Arua na Koboko, kabla baraza halijapitisha mpango ujao wa miaka mitano, idaini ramani. Ibandikwe makao makuu ya kila kata, isomwe hadharani kwa lugha za watu, na kila mstari uandikwe kando yake fidia ni ya nani na italipwa lini. Diwani atakayekataa kuionyesha asipewe kura.