Deni la Herufi

Mtu akijua kusoma husahau upesi kwamba zamani hakujua. Kwa watu wa Baraka herufi zimekuwa kama maji ya ziwa: twayaona kila siku, hatuyashangai tena. Basi leo tuulizane: deni hili twamlipa nani?

Wengi watajibu: mwalimu na misioni. Ni kweli. Mapadre Weupe waliweka misioni Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, mwaka 1883, wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye wakaja Waksaveri. Tarehe 28 Novemba 1964 Padre Carrara na Bruda Faccin waliuawa Baraka, na siku ileile Padre Didonè na Abbé Joubert wakauawa Fizi. Kanisa liliwatangaza Wenye Heri kule Uvira, Agosti 2024. Watu wa namna hii hatuwezi kuwalipa. Twawaombea heshima tu na kuiga mwendo wao.

Lakini yuko mdai mwingine, naye yu hai. Kwa miaka mingi, mpaka shule ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, wazazi wa Kongo ndio waliochangia mshahara wa waalimu. Mama asiyejua hata A aliuza ndagala na mihogo sokoni ili mwanawe aijue. Mwalimu alitugawia alichokuwa nacho. Mama alitununulia asichokuwa nacho. Tofauti hiyo si ndogo.

Sasa tuseme jambo la aibu. Mama huyo apata ujumbe kutoka kambi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, auleta kwa mwanawe asomewe. Kijana asoma mbio kama anayefukuzwa, aruka maneno, pengine aficha habari ya fedha iliyotumwa. Mara nyingine huficha kwa huruma: kuna msiba, naye aogopa machozi ya mama. Je, kosa ni lilelile? Hapana, huruma si wizi. Hata hivyo twaona asome, kwa upole, baada ya kumketisha na kuwaita jirani, wala asipunguze neno. Barua si yake. Yeye ni jicho la kuazima tu, na jicho lenyewe lilinunuliwa kwa ndagala.

Naye mama akisema, "Rudia, mwanangu, sikusikia vema," arudie pasipo kununa, hata mara tatu. Ba, be, bi, bo, bu tulirudiwa mara ngapi sisi?