Nani Anaitwa Mtafiti?

Mwaka jana shirika moja dogo la uhifadhi wa bahari liliniomba niwaandikie masharti. Walikuwa wamepata pesa za kufadhili watafiti chipukizi wanne kwa mwaka mmoja, pamoja na ruzuku ndogo ndogo za shilingi laki mbili kwa miradi ya pwani, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Kazi yangu ilionekana rahisi: kurasa sita za kueleza nani anaweza kuomba, ataulizwa nini, na atachaguliwa vipi. Nikasema sawa. Wikendi moja tu na chupa ya chai, nimemaliza.

Ukurasa wa kwanza ulinishinda. Nilifuata mpangilio wa fomu nyingine nilizowahi kujaza, na fomu hizo zote zina visanduku viwili. Cha kwanza kinaitwa "Mtafiti Mkuu": jina, shahada, machapisho. Cha pili kiko huko chini kwenye bajeti, kati ya mafuta ya boti na maji ya kunywa: "Wasaidizi wa nyanjani, watu 2, siku 20." Hawa hawaulizwi hata jina. Nilikaa nikikitazama hicho kisanduku cha pili kwa sababu namjua mtu aliyewahi kukaa ndani yake. Mimi ndiye niliyemweka.

Nilipokuwa nasomea shahada ya pili, niliishi miezi mitano katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Mombasa. Nilikwenda kutafuta mahali tafi wanapokusanyika kutaga. Mimi ni mtoto wa Nairobi. Bahari niliijua kwa safari za shule na picha za fungate za watu wengine. Nikapewa nahodha wa kunipeleka, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye mtumbwi na madema yake. Nilimwita Mzee, naye akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza, hata kabla sijajua kukaa mtumbwini bila kuuyumbisha.

Wiki tatu nzima alinizungusha mahali ambapo kila mtu anapajua. Nikapima joto la maji, nikahesabu samaki, nikaandika sifuri nyingi. Kumbe na yeye alikuwa ananipima. Wiki ya nne, mwezi ukikaribia kuwa mpevu, alinipitia alfajiri na tukatoka nje ya mwamba, mbali kuliko siku zote. Akasimamisha mtumbwi, akaangalia nchi kavu, akalinganisha mnazi fulani na paa fulani, akasema tushuke. Niliingia majini na barakoa yangu. Chini yangu kulikuwa na tafi wengi kiasi kwamba sikuwaona kama samaki mmoja mmoja. Walikuwa kama kivuli kinachogeuka.

Niliporudi juu akaniambia, "Baba yangu alinileta hapa mwaka niliooa. Wanangu wawili wanapajua. Sasa na wewe."

Nikashukuru. Kisha nikatoa kifaa changu, nikabonyeza, na namba za mahali pale zikabaki ndani. Ilinichukua kama sekunde nne. Hakuniuliza kile kifaa kinafanya nini, nami sikumweleza.

Tasnifu yangu ilipata alama nzuri. Ilikuwa na ramani. Kwenye ukurasa wa shukrani niliandika kwamba nawashukuru wavuvi wa eneo lile kwa ukarimu wao. Miaka miwili baadaye namba zangu zikaingia kwenye mpango wa kuhifadhi sehemu ile ya pwani, na mpango ukapelekwa kijijini. Watu waliitwa barazani, chini ya mwembe, karatasi kubwa ikatandazwa. Mzee wangu akaona mahali pa baba yake pamezungushiwa mstari mwekundu.

Alinipigia simu usiku ule. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, pale pamefikaje kwenye karatasi?"

Sasa, kama mstari ule mwekundu ungekuwa upuuzi, mambo yangekuwa rahisi. Ningeomba msamaha, tungelaani wakubwa pamoja, basi. Lakini mstari ulikuwa sahihi. Samaki wanaokusanyika kutaga ni rahisi kumalizwa: wametoka sehemu nyingi, wako mahali pamoja, na yeyote anayejua siku na saa anaweza kubeba kizazi kizima kwa usiku mmoja. Ukiniuliza leo, bado nitasema pale pasivuliwe msimu wa kutaga. Kwa hiyo swali likabaki limenikaa kooni: mtu anawezaje kudhulumiwa kwa jambo la kweli, lililotumika kwa nia njema, na pengine likawasaidia hata wajukuu wake?

Jibu alinipa mwenyewe kwenye simu ile, bila kukusudia. Alisema, "Mngeniuliza, ningesema pafungwe. Mimi mwenyewe siku za mwezi mpevu siweki tena dema pale. Tafi wa sasa si wale wa zamani."

Fikiria hilo. Kulikuwa na mtu pale barazani ambaye angeweza kusimama na kuwaambia majirani zake: kuna mahali nimepaficha miaka arobaini, nimeona panavyopungua, naomba tupaache papumzike. Wangemsikiliza. Badala yake alikaa akitazama siri yake mikononi mwa wageni, na wenzake wakimwangalia kama msaliti, kwa sababu nani mwingine aliyekuwa akimpeleka yule kijana wa Nairobi baharini? Mimi nilichukua zaidi ya namba. Nilimnyang'anya nafasi ya kuwa yeye ndiye anayetoa.

Jambo hili ni la zamani kuliko mimi. Mnamo Desemba 1938, meli ya uvuvi ilileta samaki wa ajabu katika mji wa East London, Afrika Kusini. Wanasayansi waliamini samaki wa aina ile walitoweka pamoja na dinosaria. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia jumba dogo la makumbusho mjini humo, aliona kwamba si samaki wa kawaida, na J.L.B. Smith akampa jina la Latimeria. Smith akatamani kupata wa pili. Akachapisha karatasi yenye picha na ahadi ya pauni 100 kwa atakayemleta, katika lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Ukiiangalia vizuri, ile ilikuwa ruzuku ndogo ya utafiti wa bahari, na karatasi ndiyo fomu yake.

Wa pili alipatikana Desemba 1952, miaka 14 baadaye, Nzwani katika Visiwa vya Komoro. Mvuvi alimvua, na mwalimu wa shule akamtambua kwa sababu alikuwa ameiona karatasi. Waziri mkuu wa Afrika Kusini, Malan, alitoa ndege ya kijeshi Smith akamfuate samaki wake. Kwa shukrani Smith akampa samaki jina la Malania. Ndiyo, Malan yule yule wa ubaguzi wa rangi. Baadaye ikaonekana kwamba ni Latimeria tu, jina likafa.

Na Wakomoro? Wao walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombesa. Walijua anatoka kwenye kina kirefu na kwamba nyama yake si ya kuitamani. Inasimuliwa kwamba magamba yake waliyatumia kukwaruza mpira wa baiskeli kabla ya kuziba pancha. Huwa najiuliza: kama karatasi ile ingeandikwa Kikomoro, lugha ambayo ni ndugu wa Kiswahili, na badala ya kusema "nitafutieni" ikauliza "mnamjua huyu?", ingechukua muda gani? Ahadi ilikuwa pesa. Hapakuwa na kisanduku cha kuuliza wewe unajua nini.

Najua utakachosema, kwa sababu hata mimi nilikisema kwenye kikao cha kwanza. Tusiwageuze wazee wa pwani kuwa malaika. Wavuvi nao hukosea. Wengine wanavuta juya, linalokokota kila kitu hadi watoto wa samaki, na wanajua kabisa linafanya nini. Halafu kuna mambo ambayo jicho na kumbukumbu haviwezi kuyafikia. Mwaka 1998, El Niño ilipopasha maji joto na matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi yakageuka meupe na kufa kwa wingi, mvuvi aliweza kuona weupe ule kwa macho yake, lakini kujua kwamba ni joto, na kwamba kutoka hapa hadi Ushelisheli hali ni ile ile, kulihitaji vipimo na watu wa kuvilinganisha. Mimi sitaki sayansi ipungue. Nataka tuulize inaanzia kwa nani.

Mfano uko hapa hapa Kilifi. Kuruwitu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi waliona wenyewe kwamba bahari inawapa kidogo kila mwaka. Walikaa, wakabishana, na katikati ya muongo ule wakakubaliana kufunga hekta 30 hivi za bahari yao wenyewe, wakaziita tengefu. Wataalamu walikuwepo, wakapima na kushauri, na samaki wakarudi. Sasa linganisha na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo serikali ilizitangaza mwaka 1968. Hizo nazo zimelinda matumbawe, sikatai. Tafi akiwa ndani ya mpaka hana habari nani aliuchora. Lakini mtu anayekaa ufuoni ana habari. Mmoja anamwambia mwanawe "tulipaacha", mwingine anamwambia "tulikatazwa", na watoto hao wawili hawatakua wakiitazama bahari kwa namna moja.

Basi nikarudi kwenye fomu na kuanza upya. Kwanza niliondoa "Mtafiti Mkuu" na "Wasaidizi". Nikaweka majina mawili, sawa kwa sawa: mmoja anayeishi kwa bahari ile, mmoja aliyesomea vipimo. Mmoja akikosa, ombi halisomwi. Pili, ombi linaweza kuwa la Kiswahili, na linaweza kuwa sauti ya WhatsApp ya dakika kumi. Mama anayechokoa pweza miaka ishirini anaweza kukueleza shida ya pweza kwa dakika nne. Ukimwambia aandike malengo mahsusi na matokeo tarajiwa, utapata maneno ya mpwa wake aliye chuoni. Tatu, matokeo yasomwe barazani kabla hayajachapishwa popote. Nne, kuwe na mambo ambayo wenyewe wanaweza kusema yabaki kwao: yapimwe, yatumike kijijini, yasiwekwe kwenye ramani ya mtu mwingine.

Kamati haikufurahi. Mmoja aliuliza, kwa upole, "Na pesa zikiliwa?" Swali la haki. Nimeona pesa zikiliwa, na walaji wengi walikuwa na risiti safi sana. Nilimjibu kwamba wanawake wa pale wana vyama vinavyozungusha maelfu ya shilingi bila hata ukurasa mmoja wa ripoti, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake analala wapi. Kwa hiyo pesa zitolewe kwa awamu tatu, na anayethibitisha awamu imekwisha awe ni baraza, si sisi wa ofisini. Hilo walilikubali, pamoja na majina mawili na sauti ya WhatsApp.

Sharti la nne ndilo lililotufikisha jioni. Mfadhili anataka takwimu zote ziwe wazi kwa kila mtu, na hoja yake si ya kijinga: utafiti wa umma uliofungiwa kabatini umewaumiza watu wa huku kwetu mara nyingi, hasa wanafunzi wasio na pesa za kununua majarida. Mimi mwenyewe nimekuwa mwanafunzi huyo. Hapo sikuwa na jibu la kumnyamazisha mtu. Nilikuwa na ile simu ya usiku tu, nikawasimulia. Tukaachana bila uamuzi.

Kabla ya kikao cha pili nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka ile. Nilimpigia Mzee, nikamsomea fomu nzima kwa simu, sharti kwa sharti. Mara mbili aliniambia nisubiri, kuna mtu anapita. Nilipomaliza alinyamaza, halafu akauliza, "Hapo umeandika mvuvi ataulizwa hiki, ataulizwa kile. Na akisema hapana?"

Nikatazama karatasi. Kurasa sita, na hapakuwa na mahali pa hapana. Hata baada ya kujirekebisha kote huko, nilikuwa nimeandika fomu ambayo ndani yake mtu wa pwani anaweza kukubali kwa njia nne tofauti.

"Sijaweka, Mzee," nikamwambia.

"Basi weka. Mimi siku ile kama ningejua ninaulizwa, labda ningesema ndiyo. Lakini ningekuwa nimesema mimi."

Niliongeza mstari mmoja ukurasa wa kwanza, juu ya majina yote mawili: kabla ya ombi kutumwa, mwenye bahari aelezwe kila kifaa kitakachoingia majini kinarekodi nini na kinampelekea nani, na akisema hapana, jibu lake lisihesabiwe kuwa dosari wala lisimfungie mlango mwaka unaofuata. Kikao cha pili ni Alhamisi. Mzee ameniambia nimpigie wakimaliza, anataka kujua walisema nini kuhusu huo mstari.