Alijibu "Nimeridhika"

Kisa hiki ni cha kutunga. Nakisimulia kwa ajili ya wakunga, manesi na wanafunzi wao, na kwa kila msimamizi anayesoma ripoti ya kuridhika kwa wagonjwa akadhani amesoma ukweli wote.

Mama mmoja wa kijijini, mkoani Tanga, alikuwa na mimba yake ya kwanza, wiki 36. Siku mbili mtoto hakucheza tumboni. Mama mkwe akamtuliza kwamba mtoto anajiandaa kushuka. Siku ya tatu akapanda bodaboda hadi hospitali. Nesi akasikiliza mapigo upande huu, akasikiliza upande ule, akatoka bila kusema neno. Akaja mwingine, kisha daktari na mashine ya ultrasaundi. Wakasemezana kwa Kiingereza juu ya tumbo lake, naye akawa anasoma nyuso zao. Habari yenyewe aliambiwa mama mkwe kwenye korido, na ndiye aliyeifikisha kitandani, analia.

Akaanzishiwa uchungu, akajifungua usiku. Mtoto alikuwa wa kike. Hilo alilijua kwa sababu alimsikia mkunga akimwambia mwenzake aandike. Maiti ikafungwa kwenye khanga, ikakabidhiwa kwa familia. Asubuhi wazee wakamwosha mtoto, wakamvika sanda na kumzika, kama dini yao, Uislamu, inavyoelekeza kwa mimba iliyovuka miezi minne. Mama hakuulizwa kama angependa kumwona. Kila mmoja alidhani anamwepushia uchungu.

Kitanda alichopewa kilikuwa katikati ya wazazi wawili wenye vichanga. Akapita nesi wa chanjo na daftari lake, akiita mmoja mmoja kwa ajili ya BCG na matone ya polio. Alipomfikia akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, mtoto umemwacha wapi?" Aliyejibu ni mzazi wa kitanda cha jirani.

Mchana, kabla ya kuruhusiwa, kijana wa mafunzo kwa vitendo akaja na fomu. Umeridhika na huduma? "Nimeridhika." Lugha ya watumishi ilikuwaje? "Nzuri." Ungependa tuboreshe nini? "Hakuna, mwanangu. Mungu awabariki." Kijana akaweka alama 5 kati ya 5, na alama hiyo ikaingia kwenye ripoti ya robo mwaka.

Mama yule hakudanganya. Damu ilikuwa imemtoka nyingi na ile hospitali iliizuia. Alikuwa hai na alijua nani wa kumshukuru. Aliyemuuliza alikuwa amevaa koti jeupe, na kesho angeweza kuwahitaji tena wenye makoti hayo. Huduma nyingine ya kulinganisha na hiyo hakuwahi kuiona. Zaidi ya yote, wakati wa kumpokea mtu alimwambia, "Mbona mmechelewa hivi?" Neno hilo lilimkaa moyoni, akaamini kwamba kosa ni lake. Anayejiona mkosaji hawezi kudai kutendewa vizuri. Fomu ile ilimuuliza mtu aliyekuwa bado anaomba msamaha.

Nyumbani, siku ya tatu, maziwa yakaja. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwili wa mzazi hutengeneza maziwa hata kama mtoto hayupo, na kwamba hilo huweza kutokea hata mimba ikiharibika katikati. Matiti yalijaa yakawa magumu, akayakamua hadi yaishe, na kila alipokamua yakarudi kwa wingi. Maneno ya dakika moja yangetosha: vaa sidiria inayoshikilia matiti vizuri bila kuyabana, weka kitambaa cha maji baridi, meza dawa ya maumivu, na ukizidiwa kamua kidogo tu, usimalize. Mwenye homa au titi jekundu arudi hospitali.

Kadi yake ya kliniki ilikuwa na jambo zito zaidi. Hudhurio la mwisho presha ilikuwa 150 juu ya 100. Tarakimu ziliandikwa kwa mwandiko safi, ila mwenye kadi hakuelezwa. Baada ya kujifungua ikaongezwa herufi tatu za Kiingereza zinazomaanisha mtoto alizaliwa mfu. Chanzo hakikuandikwa, tarehe ya kurudi haikuandikwa.

Aliposhika mimba tena hakutangaza. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza la kliniki liwe ndani ya wiki 12, na mama aliye katika hatari kubwa ya kupata presha ya mimba inayoweza kuleta kifafa cha mimba aanzishiwe aspirini, miligramu 75 kwa siku, kabla ya wiki 20. Yeye alikwenda mwezi wa saba, mara moja, na kadi ya zamani akaiacha nyumbani ili asiulizwe. Wiki ya 33 kichwa kikamuuma, macho yakaona ukungu, degedege likamkamata jikoni. Walimfikisha kwa bajaji. Akachomwa magnesiamu salfeti, akafanyiwa operesheni. Yeye alipona. Mtoto alifariki siku ya pili.

Mkunga wa zamu ya usiku, mama wa makamo, alivuta stuli akakaa. Hakuuliza kwa nini amechelewa. Alisema, "Pole sana, mwanangu. Mara ile ya kwanza ulipokuwa hapa, tulikufanyia nini?"

Akaeleza yote: korido, Kiingereza, daftari la chanjo, matiti. Kisha naye akauliza: "Mtoto wangu wa kwanza alifanana na nani?" Hakukuwa na mtu wodini wa kumjibu.

Tukumbuke ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2021 watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wafu wakiwa wametimiza wiki 28 au zaidi tumboni, na zaidi ya robo tatu yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Zaidi ya 4 kati ya 10 walifariki uchungu ukiwa umeshaanza. Lengo la kimataifa ni kwamba ifikapo 2030 kila nchi iwe na vifo visivyozidi 12 kwa kila uzazi 1,000. Hesabu hizo hazigusi mimba zinazoharibika mapema, ambazo mara nyingi huitwa "imetoka tu" na kusahauliwa na wote isipokuwa mwenyewe.

Wakunga wa kwetu hawajalala. Mtandao wa wakunga watafiti uliopewa jina la Helen Lugina, mkunga na mtafiti wa Tanzania, umeshirikiana na Chuo Kikuu cha Manchester katika utafiti wa vifo hivi na namna ya kuwahudumia waliofiwa, katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Na mengi yanayohitajika hayasubiri bajeti. Kumwambia mama mwenyewe, kwa lugha yake, ukiwa umekaa, kwamba mtoto amefariki, hakuna gharama. Kumuuliza kama anataka kumwona, kumshika, kumpa jina, na kumwachia muda wa kubadili mawazo, hakuna gharama. Naye akikataa, asilazimishwe. Vivyo hivyo kwa baba, ambaye mara nyingi hukumbukwa pale tu panapotakiwa mtu wa kubeba maiti. Ila "utapata mwingine" tuliache kabisa. Hatujui kama atapata, na hata akipata, huyu aliyefariki atabaki kuwa mtoto wake.

Mkunga yule alipeleka maneno aliyoyasikia kwenye kikao cha asubuhi. Palikuwa na ubishi, maana ripoti zilikuwa nzuri siku zote. Mwishowe wakakubaliana kuanza na yaliyo mikononi mwao. Kitanda cha mwisho, karibu na chumba cha mkunga, kikatengwa kwa mzazi aliyefiwa, na pazia likatundikwa. Daftari la chanjo likawa linapitia kwa mkunga wa zamu kabla ya kuingia wodini. Swali la kuridhika likaondolewa siku ya kuruhusiwa, likahamishiwa kwenye hudhurio la wiki ya pili, anayeliuliza ni mhudumu wa afya wa kijijini anayemjua mama, asiyevaa koti, naye huanza kwa kusema, "Nieleze ilivyokuwa." Na kwenye kadi, chini ya zile herufi tatu, huandikwa kwa Kiswahili chanzo kilichodhaniwa, presha ilivyokuwa, na mstari mmoja wa kumwelekeza atakayempokea katika mimba ijayo: mama aanze kliniki mapema, kabla ya wiki 12.