Kabla ya Jiko, Sumaku

Wajukuu zangu mnaopanga vyumba hapa Majengo, Songea, nayaona majiko ya induksheni yanavyoingia humo ndani, yale bapa yenye kioo cheusi, na wala sina ugomvi nayo. Mkaa umetutoa machozi ya kutosha, na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa usiku wa baridi ya Julai ni kifo. Serikali nayo, katika mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Umeme upo siku hizi. Sisi mafundi wa enzi za jenereta za dizeli, kabla Songea haijaungwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, tungemshangaa mtu anayechemshia maharage umeme. Basi pikeni, ila mkijue mnachokichomeka.

Jiko hili halina moto. Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba, na umeme unaopita humo hugeuka-geuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Hapo huzaliwa nguvu ya sumaku, nayo huamsha umeme mwingine ndani ya kitako cha sufuria. Mwingereza Michael Faraday aliigundua kanuni hiyo mwaka 1831. Kwa hiyo kinachowaka ni kitako cha sufuria. Kioo hupata joto kutoka kwenye sufuria.

Sasa tazama kabati lako. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini kwenye jiko hili haipati kitu. Litapiga mlio, mengi huandika E0, kisha litazima. Halijaharibika, usiende kugombana na muuzaji. Chukua sumaku, hata ya spika ya redio iliyokufa, nenda nayo dukani, ibandike kitakoni. Ikishika kwa nguvu, lipia. Za stili zisikudanganye kwa kung'aa, maana zipo zinazoshika na zipo zisizoshika. Za enameli hushika, kwa kuwa ndani yake ni chuma. Chungu hakishiki. Kitako kiwe bapa, na kama sufuria hiyo imewahi kukaa kwenye kuni, sugua masizi na mchanga viondoke kwanza, maana mchanga unachuna kioo. Kuna visahani vya chuma vinavyouzwa ili uweke sufuria ya alumini juu yake. Mimi sivipendi: kisahani hupata moto mkali kuliko chakula, na kioo ndicho kinachoumia.

Angalieni pia msiuziwe jiko la infraredi mkidhani ni hili. Kwa sura ni ndugu, lakini la infraredi huwaka jekundu na hupokea sufuria yoyote, na kioo chake chenyewe ndicho moto.

Ninapowaogopea zaidi ni kwenye ugali. Huku kwetu Ruvuma ugali unasongwa kwa mabega, na jiko la kioo juu ya meza ya plastiki halikuumbwa kwa kazi hiyo. Linateleza, sufuria inainama, uji unaochemka unamwagikia mapajani. Liweke chini, mahali pakavu na palipo sawa, mbali na njia ya watoto. Chemsha maji, koroga uji uive vizuri, kisha zima, shusha sufuria, iweke juu ya kata sakafuni, usonge hapo kwa nguvu zako zote. Ukitaka uive zaidi, rudisha taratibu kwa moto mdogo, ufunike. Usiibamize. Kioo kikipata ufa, hata ule unaouona tu ukikielekeza kwenye mwanga, zima ukutani, chomoa, usipikie tena, maana uji ukipenya humo unakutana na umeme.

Mafuta nayo yana hila yake hapa. Hakuna mwali wa kukuonya, na kikaango chepesi kwenye namba ya juu hufukisha mafuta wakati bado unakata kitunguu. Anza na namba ya chini, na usiondoke. Yakishika moto, zima, funika kwa mfuniko, usimwagie maji.

Halafu huu mchezo wa kijiti. Jiko limekuja na plagi ya pini mbili, soketi yetu ni ya matundu matatu, kijana anachokonoa tundu la juu kwa kijiti mpaka pini ziingie. Hapo hakuna ethi, na pini zinacheza. Jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Kwenye pini zinazocheza, au ekstensheni nyembamba ambayo tayari ina friji na pasi, lazima kitu kiungue. Lichomeke peke yake kwenye soketi nzima ya ukutani. Ukimaliza kukaanga dagaa wa Nyasa, gusa plagi: ikiwa ya moto, muite fundi kabla hujapika tena. Feni iliyo chini ya jiko ipate hewa, usitandike kitambaa, na usichomoe mpaka iache kuzunguka.

La uniti nalisema kwa kupita. Saa moja kila siku kwa wati 2,000 ni uniti 60 kwa mwezi, na nyumba yenye LUKU moja kwa vyumba vitano haitakaa kimya. Kubalianeni kabla.

Na mgeni wako akiwa na kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, asisogelee jiko likiwa linafanya kazi mpaka amuulize daktari wake.

Mwenye nyumba akikataa kubadilisha soketi iliyoungua, mleteni kwangu. Ninazo kadhaa kwenye boksi, zimeyeyuka, nitamwekea mkononi azitazame.