Yaliyopita si ndwele: tuimalizie methali

Ziko methali tulizozizoea mpaka hatuzisikii tena. Mojawapo ni "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Tunaitoa misibani, barazani na katika ugomvi wa mke na mume. Swali langu leo ni moja tu: ni nani mwenye haki ya kuisema?

Msimu mmoja wa korosho niliitwa Ruangwa kuwa miongoni mwa wasuluhishi wa ndugu wawili, watoto wa baba mmoja. Mkubwa aliuza korosho za mdogo wake pamoja na zake, fedha zote akazila. Mdogo alizitegemea kumpeleka binti yake chuo. Binti akabaki nyumbani.

Tulipoketi, kaka mtu hakukana. Alisema tu, "Jamani, yaliyopita si ndwele." Wazee wakaitikia. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikaitikia. Sote tukamgeukia mdogo, kana kwamba yeye ndiye anayechelewesha amani.

Shangazi yao, aliyekuja kutoka Nachingwea, akasema, "Malizia, mwanangu. Methali hiyo ina nusu ya pili."

"Tugange yajayo, shangazi."

"Haya, ganga. Utamlipa mwenzio kiasi gani, na lini?"

Baraza zima likanyamaza.

Ndugu msomaji, ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Kumbe methali yenyewe inaagiza kazi! Sisi tumeikata, tukabakiza nusu inayompendeza mkosaji. Akiisema aliyedhulumiwa, huo ni ukarimu. Akiisema aliyedhulumu kabla hajarudisha kitu, anajisamehe mwenyewe kwa mali ya mwenzake.

Masheikh wetu wanatufundisha kuwa toba ina masharti matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Ikiwa kosa linahusu haki ya mja, huongezeka la nne: kuirudisha haki hiyo, au mwenyewe akuachie.

Nachingwea yenyewe ina funzo katika hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, uliohusisha Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mradi ukashindwa, na mwaka 1951 takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Hasara ilitajwa kwanza kwa tarakimu, ndipo ikafutwa. Na aliyefuta ni mwenye fedha, si mdaiwa.

Wapo watakaosema kuwa kudai hesabu ni kuchochea ugomvi. Hapana. Ugomvi unalelewa na msamaha wa kulazimishwa. Tunamshinikiza mnyonge asamehe kwa sababu ni rahisi kuliko kumkabili mwenye kosa, kisha tunarudi majumbani tukidhani tumesuluhisha. Na mwenye kosa asiye na kitu? Huyo na aombe muda, au aombe kuachiwa. Kuomba hakuna gharama, lakini kunampa aliyedhulumiwa nafasi ya kujibu.

Kaka yule aliahidi kulipa kwa misimu miwili. Msimu uliofuata alileta sehemu, mkononi, mbele yetu. Mdogo wake alizipokea, akazihesabu, kisha akasema hiyo iliyobaki amemwachia. "Kaka, yaliyopita si ndwele," alisema, na safari hii hakuna aliyehitaji kumwambia amalizie.

Binti, hata hivyo, mwaka wake ulikuwa umeshapotea. Huo hakuna aliyeweza kuurudisha, nami ninapoikumbuka ile "ndiyo" yangu ya mwanzo, naona haya.