Kosa la Ulimi na Haki ya Mwanafunzi

Katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12, twasoma ya kuwa watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka alitakiwa kulitamka neno moja, Shibolethi. Aliyesema Sibolethi alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa. Wakafa wakati ule watu 42,000. Hawakuulizwa walilolitenda, sauti moja iliwahukumu.

Kivuko kile kingaliko katika vyumba vya madarasa. Mtoto husimama kusoma Kiingereza, ulimi ukakosa, wenzake wakacheka. Na mara nyingine mwalimu naye hucheka. Mtoto hafi, ila hufunga kinywa chake, wala hataki tena kujibu. Basi twauliza: mwalimu wa Kiingereza yampasa kusahihisha matamko gani, na kuacha yapi?

Tufikiri kwanza asili ya kosa. Kiswahili kina irabu tano tu. Kiingereza kifundishwacho vitabuni, kwa matamko ya kusini mwa Uingereza, huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20. Kwa hiyo mtoto atamkaye sawasawa "ship", yaani merikebu, na "sheep", yaani kondoo, si mvivu wala si mjinga. Ulimi wake wafuata njia uliyoizoea tangu utotoni.

Lakini kumhurumia hakutoshi. Mwalimu amwachaye hivyo amemnyima haki yake, maana atataja kondoo, na msikilizaji atasikia merikebu.

Mwaka 2000 mtaalamu wa Uingereza, Jennifer Jenkins, alitoa kitabu juu ya Kiingereza kisemwacho baina ya watu wa mataifa mbalimbali. Alionyesha ya kuwa mambo mengine yakikosewa maana hupotea, kama urefu wa irabu, au kuangusha konsonanti mwanzoni mwa neno. Lakini sauti ya "th" ikibadilishwa, kwa kawaida msikilizaji huelewa vile vile. Jambo hili si geni kwetu. Wako wasemao "zambi" badala ya dhambi, na "selasini" badala ya thelathini. Nasi twawaelewa, wala hatuwafukuzi kanisani.

Basi kipimo chetu ni hiki. Kosa lifichalo maana lisahihishwe kila siku, kwa subira. Sauti ionyeshayo tu mahali mtu alipotoka isihesabiwe kuwa aibu. Labda mtu atasema, "Wako waajiri wampimao mtu kwa lafudhi yake." Ni kweli, na mwanafunzi atakaye kujifunza lafudhi ya Waingereza asikatazwe, afundishwe vizuri. Ila asiambiwe kamwe ya kuwa lafudhi hiyo ndiyo akili, wala ya kuwa asiye nayo ni mtu duni. Udhalimu wa mwenye kupima haufanyi kipimo chake kuwa cha haki.

Tumkumbuke Petro. Katika ua wa Kuhani Mkuu usemi wake wa Galilaya ulimtambulisha, akaogopa. Naye ndiye aliyesimama siku ya Pentekoste akahubiri, yeye Mgalilaya yule yule, na watu wapata 3,000 wakaongezeka katika kanisa.

Ninyi wazazi na walimu, mtoto asomapo Kiingereza mbele yenu na ulimi ukakwama, msicheke. Ngojeni amalize, kisha mwonyesheni lile moja lililoficha maana yake, arudie.